Mafuta ya Karanga Juu ya Vinyago

Fundi wa milango aliye jirani na duka langu sokoni Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, hupaka mbao mafuta ya taa kabla ya kuziunga, ili mchwa wasizile. Harufu hiyo nimeizoea, siisikii tena. Lakini juzi, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha asubuhi, mafuta ya taa yalichanganyika na harufu ya nyasi kavu zilizolowa, na hapo hapo mtu wa upande wa pili akaanza kukaanga karanga. Nikaacha kupima kitenge nilichokuwa nampimia mteja.

"Mama Neema, kuko nini?" mteja akaniuliza.

"Hakuna kitu. Shika pale mwisho, tupime."

Alipoondoka nilimuuliza fundi ile milango ni ya nani. Akasema ni ya nyumba ya mambo ya kale, kwenye ule mji mdogo wa juu ya kilima. Wanaitengeneza upya, paa, kuta, kila kitu. Nikamwambia hiyo ni mara ya pili. Akacheka. "Mara ya kwanza ilikuwa lini, mama? We uliiona?"

Niliiona. Nilikuwa pale, miguu peku, na ndoo ya udongo kichwani.

Ninyi mnaosoma haya mnisamehe kalamu yangu. Shule niliiacha mapema sana, na niliyoyajua baadaye nimefundishwa na soko. Watu wa hapa wananifahamu. Mali yangu naifuata mwenyewe Lilongwe, kule soko la Biwi, na wauzaji wa Biwi wakiniona wanaacha mchezo. Nimezoea kusema kwamba hakuna mtu aliyenipa kitu katika nchi hii. Nimelisema neno hilo kwenye harusi, kwenye vikao, hata kanisani. Sasa nitawaeleza ya nyumba ile, halafu mtajua lile neno lina thamani gani.

Tulitoka Bukavu kwa miguu, kwa boti, kwa lori, tukafika Dzaleka miaka ile kambi ilipokuwa bado changa. Tulikuwa mama, mdogo wangu na mimi. Baba hakufika; hilo si la leo. Mama, ambaye kambini walimwita Mama Furaha kwa jina langu, alikuwa mwanamke wa usafi kupita kiasi. Hata ndani ya hema la plastiki alikuwa akifagia asubuhi na jioni, akinyunyiza maji ili vumbi lisipande, akisema, "Batafikiri tulizaliwa mu takataka." Siku za Jumapili alitupaka miguu mafuta ya karanga, maana ya dukani hatukuwa nayo, tukaenda misa tukinukia kama chakula. Mbwa walikuwa wakitufuata mpaka mlangoni pa kanisa.

Posho haikutosha. Mama akaanza kutafuta vibarua kwenye ule mji mdogo. Alikuwa akisema mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na sisi siku yetu ya tatu ilikwisha kupita zamani. Ndiyo maana aliposikia wanatafuta wanawake wa kukandika kuta na kupiga sakafu ya udongo kwenye nyumba ya mambo ya kale, alikuwa wa kwanza kufika.

Nyumba yenyewe msiifikirie kubwa. Ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba vinne, baraza mbele, paa la nyasi. Ndani kulikuwa na vinu, mitego ya samaki, majembe ya chuma cha kienyeji, ghala dogo la mahindi la kufuma kwa fito, ngoma, na picha za watu wenye kofia ambao hakuna aliyekumbuka majina yao. Mvua ilikuwa imeingia miaka mingi, kuta zikavimba kama mkate uliolowa. Serikali ilisema itengenezwe kabla wageni kutoka Lilongwe hawajaja kuifungua tena.

Mlinzi wa nyumba alikuwa mzee mmoja Mchewa, mwembamba, anayevaa koti la sufu hata jua likiwaka. Tulimwita bambo Jailosi. Huko bambo ni baba, ni bwana, ni heshima. Yeye ndiye aliyetuchukua. Wanawake wa mji walinung'unika kwamba kazi imepewa watu wa kambini, naye akawajibu kwamba kwao wanasema mgeni ni umande, haukai sana, uacheni uloweshe nyasi kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika Kichewa haraka, kama watoto wanavyoshika, basi nikawa mdomo wa mama. Bambo Jailosi alisema, mimi nikageuza. Mama alisema, mimi nikageuza. Alipenda sakafu ya mama. Alikuwa akivua viatu ili aikanyage, anasimama katikati ya chumba, macho ameyafumba, anasema, "Zikomo, amayi." Asante, mama. Hakuna mtu mwingine aliyemshukuru mama mwaka ule.

Kwenye chumba cha nne hakutupa kazi. Alikionyesha kwa kidevu tu, akasema, "Hicho acheni." Nikamwuliza kwa nini. Akatazama pembeni kama hakusikia. Nikamweleza mama, mama akasema, "Pengine njo pale anaficha pombe yake."

Leo najua kwa nini hakusema. Wachewa wana ngoma yao kubwa, Gule Wamkulu. Anayekuja kucheza, usoni amevaa kinyago, si mtu. Ni mnyama aliyetoka makaburini. Mwanamke, mtoto na yeyote ambaye hakuingizwa ngomani hatakiwi kuvigusa vile vitu vikiwa vimelala, wala kujua vinalala wapi. Na aliyeingizwa haruhusiwi hata kueleza sababu. Sasa atamwambia nini mwanamke wa kigeni? Mimi mwenyewe si wa ngoma, na yasiyonihusu siyataji zaidi ya hapo. Sisi wakati ule tulijua tu kwamba wachezaji wakipita barabarani watoto wote wa kambi tunakimbilia vyooni.

Ikafika siku ambayo waezekaji waliliondoa paa la zamani lote. Nyumba ikabaki kichwa wazi. Asubuhi hiyo hiyo bambo Jailosi aliitwa Lilongwe, ofisi moja pale City Centre, kufuata waya na misumari. Akamwachia mama funguo zote, pamoja na ule wa chumba cha nne. Angeutoa ule mmoja, tayari angekuwa ametuambia mle kuna kitu.

Hajapanda hata gari vizuri, ikaja habari ya msiba kijiji cha pili. Ninyi mliokaa Malawi mnajua: kukiwa na msiba, kazi inalala. Waezekaji wakashuka wakaacha kamba zikining'inia, wenye maduka wakafunga, wanawake wakafunga vitenge viunoni wakaenda. Mji ukabaki na kuku, na sisi. Toka mbali tukawa tunasikia ngoma za mazishi, zinapigwa, zinanyamaza, zinapigwa.

Adhuhuri wingu likapanda, jeusi, la mvua yenye mawe. Mama akatazama juu, akatazama vile vyumba visivyo na paa.

"Furaha, saidia. Bitu ya bantu itaoza, na ni mi niko na funguo."

Tukabeba vinu, mitego, ngoma, picha, tukavisukuma chini ya kibaraza cha duka la jirani lililofungwa, kando ya barabara. Kisha akafungua chumba cha nne. Nilimwambia bambo alikataza. Akaniuliza, "Alikataza na mvua?"

Vilikuwa vimelala juu ya mkeka, vinatazama juu. Vinyago vya mbao, vyekundu, vyeusi, vingine vina manyoya, kimoja kina meno ya kweli sijui ya mnyama gani. Mimi nilirudi nyuma. Mama alifanya ishara ya msalaba, halafu akainama, akapapasa kimoja kwa kidole, na unga wa mbao ukamwagika. Mchwa. Hapo hofu yote ilimtoka. Mama na uchafu walikuwa maadui wa siku nyingi.

Akavifunga kwenye vitenge vyake, akavitoa viwili viwili, kingine amekipakata kifuani kama mtoto. Akavipanga kwenye kile kibaraza cha duka, juu ya mkeka wetu. Wingu lenyewe likapita pembeni, likaenda kunyeshea wengine, jua likatoka. Mtu mwingine angevirudisha. Mama akanituma nilete mafuta ya taa ya kibatari. Akavifuta kimoja kimoja, akiwaondoa mchwa kwa mwiba, akiwasema kama watoto walioingia nyumbani na matope. Kisha, kwa kuwa mafuta ya taa yalifubaza rangi, akatoa kichupa chake cha mafuta ya karanga, akavipaka mpaka vikang'aa.

"Wona huyu," akaniambia, anacheka, kitu ambacho alikuwa hajafanya tangu Bukavu. "Anafanana na baba mukwe wangu, masharubu na yote. Sasa bako tayari kwa komunyo."

Nami nilicheka. Nawaambia ukweli, ilikuwa siku nzuri. Mama anacheka, jua limetoka, vile vichwa vyekundu vinanukia kama sisi siku ya Jumapili, na ngoma kule msibani zinapigwa.

Kisha zikanyamaza, na watu wakaanza kurudi.

Wa kwanza walikuwa wanawake. Walifika kwenye kona, wakaona, wakajifunika nyuso kwa vitenge na kugeuka mbio, mmoja akaacha kiatu. Mama akadhani ni nyoka, akapanda juu ya kiti. Halafu wakaja wanaume, polepole. Wakavifunika vinyago kwa makoti yao. Wakatusimamisha ukutani. Mdogo wangu alilia mpaka akatapika.

Bambo Jailosi alirudi alasiri juu ya lori la mbolea, na mzigo wa waya begani. Alikuta mfumu wa pale, yaani chifu, ameketi, na wazee wa ngoma wameketi, na sisi tumesimama. Nilimwona akitazama mkeka, makoti, kichupa. Nilimwona akielewa. Alishusha waya chini kwa uangalifu sana.

Mkubwa wa ngoma, mzee mnene mwenye sauti ndogo, akasema, "Jailosi, ulituambia hawa ni umande. Umande huu haukauki, unaingia mpaka vyumbani." Watu hawakucheka. Akasema kama ni mwanamke huyu aliyeingia kwa akili yake, basi asubuhi yeye na watoto wake waondoke pande zile, na mtu yeyote wa kambini asionekane tena sokoni pale wala shambani pale. Kisha akanigeukia mimi. "Muulize mama yako. Nani alimwambia avitoe?"

Nikafungua mdomo kumgeuzia mama. Mama alikuwa ananitazama.

"Ni mimi," bambo Jailosi akasema.

"Wewe ulikuwa Lilongwe."

"Kabla ya kwenda. Niliona paa liko wazi. Nikamwambia mvua ikija, toa vyote."

"Vyote?"

"Vyote. Yeye ni kibarua. Anatii."

"Jailosi. Fikiri kwanza."

"Nimefikiri nikiwa juu ya lori," akasema, na huo ulikuwa uongo wa wazi, maana juu ya lori alikuwa hajui kitu.

Mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Anasema nini?" Nikamweleza. Mama akainamisha kichwa. Hakumkanusha, nami nilishukuru Mungu.

Wakamtoza mbuzi na kuku, akatoa. Wakavichukua vinyago vyao, chumba cha nne kikabaki kitupu. Na yeye wakamtoa kwenye ngoma. Nililisikia hilo neno, "ametolewa", nikalipima kwa akili ya mtoto. Mzee kama yule na koti lake la sufu, kucheza kwa nini? Kwetu mtu akitolewa kwenye kwaya, anaimba nyumbani. Nikaona ametoka kwa bei rahisi.

Nyumba ilimalizika. Kuta zikapakwa chokaa, nyasi mpya zikapunguzwa sawasawa kama nywele za bwana harusi, wageni wakaja kutoka Lilongwe wakasifu sakafu. Mama akapewa kazi ya kudumu ya usafi pale. Kwa kazi ile tulikula, kwa kazi ile alinunua cherehani, na juu ya cherehani ile ndipo mimi nilipojifunza kitambaa ni nini. Bambo Jailosi aliendelea kukaa barazani na funguo zake. Mama alimpelekea sombe, yaani majani ya muhogo, siku za Ijumaa. Alikula, akarudisha sahani imeoshwa, akasema zikomo. Hakutukumbusha kitu hata siku moja.

Sisi ndio tuliojikumbusha, kwa namna yetu. Nyumbani hadithi ilianza kugeuka kidogo kidogo. Mama alisema, "Funguo aliacha ye mwenyewe." Mwaka uliofuata ikawa, "Kosa ilikuwa yake, njo maana alilipa." Mimi nikaongeza kwamba alijisemea mwenyewe kwa hofu, asije akaulizwa na serikali. Kufikia wakati naolewa, tulikuwa tunaisimulia kwa wageni kama kichekesho, mama anaigiza vile alivyopanda kwenye kiti, watu wanashika mbavu. Deni ukilisimulia kama kichekesho mara nyingi, linaanza kuonekana kama ni la mtu mwingine.

Alikufa mimi nikiwa na watoto na duka. Mwenye kabaza, zile baiskeli za kubeba watu, alituletea habari. Mama alikuwa ameanza kuzeeka, magoti yanamsumbua, lakini akasema tutakwenda. Tukachukua unga, tukachukua kitenge kizima kutoka dukani, tukaenda.

Misiba ya wazee wa ngoma wa pande zile nilikuwa nimeisikia miaka yote toka kambini. Ngoma inaanza usiku, inaendelea mpaka udongo urudi, na wale wanyama wa makaburini wanakuja wenyewe kumchukua mwenzao. Siku ile tulifika hakuna kitu. Kanisa hakuwa nalo. Maisha yake yote aliyaweka kwenye ngoma. Hapakuwa na kwaya, hapakuwa na ngoma. Watu waliketi. Unasikia mbuzi wakila majani.

Mwanamke mmoja mbele yetu alimnong'oneza mwenzake, "Maskini, anakwenda bila wa kumsindikiza."

Mama akanigusa. "Banasema nini?"

Nikamweleza, na nilipokuwa namweleza ndipo na mimi nikaelewa kitu alichonunua yule mzee siku ile mbele ya mfumu, na alichotoa kukilipia. Mbuzi na kuku hata hawakuwa bei. Alikuwa anajua tangu pale alipoweka waya chini. Alijua atazikwaje.

Mama aliinuka. Alivuka uwanja na magoti yale, mbele za watu wote, mpaka walipoketi wazee, akapiga magoti. Mkubwa wa ngoma bado alikuwa hai, amekonda, ameshika fimbo. Mama akaniambia, "Sema. Sema ni mi. Sema hakunituma."

Nikasema. Sauti yangu, ambayo Biwi wanaiogopa, ilitoka kama ya kifaranga. Nikasema mama anaomba ngoma ije, maana marehemu hakukosa, alikosa yeye.

Yule mzee alimtazama mama bila ukali.

"Amayi," akasema, "tulijua siku ile ile. Mikono yako ilikuwa inang'aa mafuta mpaka kwenye viwiko. Na nani hapa angeamini Jailosi alimwambia mtu apake vile vitu mafuta ya karanga?" Mzee mwingine alikohoa, nadhani alikuwa anazuia kicheko. "Nilimwambia afikiri kwanza. Uliniona. Nilimpa njia. Angesema ukweli, ninyi mngeondoka, yeye angebaki na sisi. Alisema alivyosema mbele ya mfumu."

"Lakini ni mimi," mama akasema kwa Kichewa chake kibovu, yeye mwenyewe, bila mimi.

"Ni wewe. Lakini neno ni lake. Ulikuwa na miaka yote ya kuja, yeye akiwa hai, ili alikane. Leo amelala pale, unataka tumfanye mwongo siku ya kumzika?"

Nilimwinua mama, tukarudi mahali petu. Mama naye amekwisha kutangulia, na kwenye msiba wake kwaya tatu zilipokezana, na watu waliniambia nimemzika mama yangu vizuri.

Walimbeba bambo Jailosi mchana kweupe, wanaume sita, haraka haraka kama watu wanaohamisha kabati. Nilikuwa nimekaa nchi hii miaka na miaka nikidhani nimeijenga njia yangu kwa mikono miwili. Kumbe kuna mtu alitoa kusindikizwa kwake ili mtoto asiyemhusu apate kula, na yule mtoto alikula, akakua, akafanya ya yule mtu kuwa kichekesho cha wageni. Pale kaburini hapakuwa na cha kusikiliza isipokuwa majembe yakirudisha udongo, na mama na mimi tumesimama kando, wanene, tumevaa viatu, tumeshiba.